Mashabiki wa mechi 17

Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 20, kila timu ikicheza mechi 38, nusu yake nyumbani na nusu ugenini. Kwa Ndanda FC ya Mtwara, zile 19 za nyumbani zilikuwa za aina mbili. Mbili zilikuwa za Simba na Yanga, siku ambazo Uwanja wa Nangwanda Sijaona huanza kujaa mchana kweupe, bodaboda hupandisha nauli, na aliyechelewa hubaki nje akisikiliza kelele. Zilizobaki zilikuwa 17. Hizo zilikuwa za Mwadui, Biashara United, JKT Tanzania, Lipuli na wengine wa aina hiyo, nyingine zikichezwa katikati ya juma, jua la saa kumi likiwapiga usoni watu wachache waliokaa kwa kuachana nafasi, kila mmoja na korosho zake kwenye karatasi. Makala haya yanawahusu watu wa hizo 17, kwa sababu naona wanasemwa sana na kueleweka kidogo.

Swali wanaloulizwa ni moja, na nimelisikia kwenye vijiwe vya kahawa vya Chikongola na kwenye vibanda umiza, mara kwa dhihaka, mara kwa huruma ya kweli: mtu mzima mwenye akili zake anafuata nini kwenye timu iliyokaa Ligi Kuu misimu 6, ikashuka daraja mwaka 2020, na ambayo hadi msimu huu wa 2025/26 haijarudi? Anayeuliza huwa ana jibu lake tayari. Kwake, kubaki na Wana Kuchele, kama Ndanda inavyoitwa, ni ukaidi wa mtu asiyejua kupiga hesabu, au ni uzalendo wa mkoa unaovaliwa kama kanga ya msiba, kwa kutimiza wajibu tu.

Hoja ya upande huo si ya kubeza. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Redio ilikwisha kuzifikisha Masasi, Newala na Liwale miongo mingi kabla ya Ndanda kucheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu mwaka 2014. Mzee aliyeipenda Simba tangu ujana wake hakumsaliti mtu, mapenzi hayo yalitangulia. Kuna pia suala la mfuko. Kiingilio cha uwanjani ni fedha ya mboga, na mtu anayeishi kwa msimu wa korosho ana haki ya kuchagua furaha inayomlipa.

Hoja yao nzito zaidi ni nyingine, nayo ni kwamba shabiki asiyeondoka hata afanyiweje ndiye anayewapa viongozi wa klabu za mikoani ujasiri wa kuendesha mambo kienyeji. Mwenye duka akiuza unga wenye wadudu na wateja wakaendelea kununua, atapepeta wa nini? Mchezaji hajalipwa, kocha anabadilishwa kabla hajazijua sura za vijana wake, na shabiki lialia bado yupo jukwaani anapiga makofi. Kwa mantiki hiyo, anayeondoka ndiye anayeisaidia klabu, kwa kuwa anampelekea kiongozi ujumbe kwa lugha pekee anayoielewa.

Ingekuwa kweli kama kiongozi angekuwa anawahesabu watu wa 17. Hawahesabu. Bajeti ya klabu ndogo ya mkoani imekuwa ikipangwa kwa kutazama siku mbili za ratiba: Simba inakuja lini, Yanga inakuja lini. Madeni huahidiwa kulipwa baada ya siku hizo, na hata kisasi cha mashabiki husahaulika siku hizo, kwa sababu mapato ya mlangoni yanakuwa mazuri na kila mtu anatoka akiwa ameridhika. Kwa hiyo mteja anayemfundisha mwenye duka kwamba unga wake hauna tatizo si yule anayekuja kila siku na kulalamika, ni yule anayekuja mara mbili kwa mwaka na fedha nyingi bila kuutazama unga wenyewe. Huyu hakuja kwa ajili ya Ndanda, alikuja kumwona mgeni. Fedha yake haina ujumbe wowote kwa klabu mwenyeji isipokuwa mmoja, kwamba mradi timu ipo kwenye ligi na wakubwa wanakuja, mengine yatajipa.

Ndiyo maana zimekuwapo klabu za Ligi Kuu zilizohamisha mechi zao za nyumbani dhidi ya Simba au Yanga na kuzipeleka miji mingine yenye watu wengi zaidi. Ukilitazama jambo hilo kwa utulivu utaona ni mwisho wa kawaida wa hesabu ile ile. Kama wateja wa maana ni wa siku mbili, basi wafuatwe waliko, na neno nyumbani libaki kwenye karatasi ya ratiba. Waliokuja mechi 17 wataambiwa watazame kwenye televisheni.

Kuanguka kwa Ndanda kunaelezwa mara nyingi kama uvivu au laana, ilhali ramani peke yake ingetosha. Msimu ule wa 2018/19 Majimaji ya Songea ilikuwa imeshashuka na Namungo ya Ruangwa ilikuwa haijapanda, kwa hiyo Kusini nzima ilibaki na timu moja. Mpinzani wa karibu kabisa alikuwa Dar es Salaam, kilomita zipatazo 560 kwa barabara. Timu 6 zilikuwa Kanda ya Ziwa, mbili Mwanza, mbili Shinyanga, moja Musoma na moja Bukoba, na kutoka Mtwara hadi Bukoba ni takriban kilomita 2,000 kwenda tu. Ligi yenyewe msimu huo haikuwa na mdhamini mkuu. Kama hiyo haikutosha, Novemba 2018 soko la korosho liliyumba, Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaingia kubeba mzigo, huku wakulima wengi wakisubiri uhakiki na malipo. Mkulima anayesubiri fedha ya korosho hakati tiketi ya mpira. Waliokata tiketi mwaka ule walikata wakiwa na sababu zote za kutokata, na hilo ndilo linalonifanya nisikubali waitwe watu wasiojua hesabu.

Mjomba wangu ni mmoja wao, na ni Simba. Nalisema mapema ili nisionekane ninamchora mtakatifu. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mambo mengi kijana huyapata kwa mjomba, mpira ukiwa mmojawapo. Mimi niliipata Simba kwake kama nilivyopata kwake namna ya kupanda juu ya mkorosho. Siku Simba ilipokuja Nangwanda nilimpitia kwake Magomeni, hapa hapa Mtwara, nikamkuta anapiga pasi shati jeupe. Jezi nyekundu ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, pale pale inapokaa siku zote.

“Shikamoo mjomba. Leo unakwenda harusini?”

“Marahaba,” akanijibu bila kuinua macho. “Leo nina wageni.”

Nilicheka, lakini nimelifikiria jibu lile mara nyingi kuliko hoja nyingi nilizosoma kuhusu soka letu. Hakuikana Simba. Alijua tu kwamba siku ile Simba ilikuwa imekuja kwao, na mtu hawezi kuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Wapo wanaosema moyo wenye timu mbili ni moyo wa unafiki. Sidhani. Mtwara karibu kila shabiki ana timu mbili, na tofauti iko katika shati analovaa zinapokutana.

Wiki chache baadaye tulikwenda wote kwenye mojawapo ya zile 17. Tulikuwa wachache kiasi kwamba mpira ulipopigwa ulisikika kabla hujauona umefika. Beki wa kushoto wa Ndanda, kijana mdogo, alikuwa anavutwa ndani kila mara na winga wa wapinzani, na nyuma yake panabaki wazi. Mjomba hakupaza sauti sana. Alimwambia, “Mwanangu, usimfuate, mwache aje,” kama anavyomwambia mtu aliyekaa naye kwenye mkeka. Kijana akageuka, akainua mkono kuonyesha amesikia, na dakika kadhaa zilizofuata hakumfuata tena. Baadaye akasahau, tukafungwa. Lakini siku ya Simba au Yanga hakuna beki anayemsikia mtu yeyote, na hakuna mtu jukwaani anayemtazama beki wa kushoto wa mwenyeji.

Jambo jingine linalonishangaza ni kwamba uvumilivu huu huu, ukiwa wa klabu kubwa, unaitwa mapenzi ya kweli. Simba ilichukua ubingwa mwaka 2012 na haikuuona tena hadi 2018; walioivumilia leo wanajisifu kwa miaka hiyo kama askari wastaafu. Msimu wa 2018/19 Yanga ilikuwa na hali mbaya ya fedha hata mashabiki wake wakachangishana, wakitaniwa na watani wao kuwa wanatembeza bakuli, na leo mchango ule unatajwa kwa fahari. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza Mwanayanga wa wakati ule kwa nini asihamie kwingine. Swali hilo limehifadhiwa kwa ajili ya mtu wa Ndanda tu.

Hata hivyo, upo mfano mmoja unaowapa nguvu wanaosema uaminifu kwa klabu ni kumpenda asiyekujua, nao unanisumbua. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, Mbeya. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Shabiki wa Mbarali hakushuka daraja, hakufungwa na hakukosea. Aliondolewa timu kama kigoda anachokikalia. Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki, kama klabu inaweza kuhama na nafasi yake ya ligi kwa uamuzi wa wachache, huyu anayeweka moyo wake wote humo anaweka wapi? Jibu langu si kamili. Ninachokiona ni kwamba Ndanda ilianguka ikiwa Mtwara na ikabaki Mtwara, na kwa aliyekuwa akienda mechi 17 hiyo ni tofauti kubwa kuliko tofauti ya madaraja, kwa kuwa timu iliyoshuka bado inaweza kufuatwa kwa miguu kutoka Magomeni.

Muda nao haukuwa na huruma. Ndanda ilishuka mwaka 2020, na Mei 2021 ukatiwa saini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu na Azam wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ligi iliyokuwa na timu 20 ikapunguzwa hadi 18, kisha 16. Yaani mlango ulifanywa mwembamba na chumba kikajazwa vyakula katika kipindi ambacho Wana Kuchele walikuwa ndio kwanza wametolewa nje. Dabi ya Kusini ya Ligi Kuu, Ndanda na Namungo, iliishi msimu mmoja tu, 2019/20, na msimu wenyewe ulikatwa katikati na korona.

Nikiwatetea watu wa 17 siwezi kuficha kosa lao, kwa sababu na mimi ninalo. Tumechanganya kuvumilia na kunyamaza. Mjomba aliyemrekebisha beki kwa sentensi moja hakuwahi, kwa kumbukumbu yangu, kuuliza mapato ya siku ile ya Simba yalitumikaje, wala mimi sikuwahi. Tuliona ni utovu wa adabu kuwauliza watu waliokuwa wakihangaika kutafuta nauli ya Bukoba. Hapo wakosoaji wetu wana haki, ila dawa yao ni ya ajabu: wanataka aondoke mtu pekee ambaye, akiamua kuuliza, atakuwapo pia juma linalofuata kusikiliza jibu.

Ruangwa wanaweza kulifanya hilo mapema kuliko sisi. Namungo ilimaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2020 na kufungwa na Simba 2-1, na mwaka uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ambako ilipoteza mechi zote 6. Baada ya kupanda haraka namna hiyo, misimu ya kawaida inayofuata huonekana kama kuanguka, na tayari yapo maneno Lindi kwamba enzi za Wauaji wa Kusini, kama Namungo inavyoitwa, zimepita. Ligi sasa ina timu 16, kwa hiyo Namungo ina mechi 15 za nyumbani. Ukitoa mbili, zinabaki 13 ambazo mtu wa Ruangwa anaweza kwenda akakaa karibu na beki wa kushoto. Sisi wa Mtwara hatuna tena za kutoa.