Mwacheni Mtoto Atoke na Sifuri Yake

Asubuhi ya Jumamosi, kesho yake baada ya vijana wa India kushinda fainali ya Kombe la Dunia la kriketi la chini ya miaka 19, Harare, Februari 2026, nilipita dukani kwa Kaka nikakuta sinia la jalebi juu ya kaunta. Bado za moto. Shira ilikuwa ishashuka ukingoni mwa sinia mpaka imefika kwenye kitabu cha madeni, na Kaka hajali. Duka lake ni la leso, liko Biashara Street, na runinga yake ndogo iko juu ya marobota, pale pale ilipokuwa tangu enzi za Sachin Tendulkar, yule mpigaji mkubwa wa India. Sisi sote twamwita Kaka. Kwa Kigujarati kaka ni ami, kwa Kiswahili ni ndugu, na mwenyewe anaitikia kote kuwili.

Walikuwapo wote wa barazani. Fundi cherehani, mwalimu mstaafu, yule wa tuktuk anayeegesha gari lake mlangoni kana kwamba duka ni lake. Kila mmoja ana jalebi mkononi na maneno ni yale yale: "Sisi tulisema. Huyu mtoto tulimjua zamani."

Hapo ndipo damu iliponichemka, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mimi nilikuwapo dukani humo humo Mei Mosi mwaka 2025. Siku tatu kabla ya hapo, Vaibhav Suryavanshi, mtoto wa miaka 14 kutoka Samastipur huko Bihar, alikuwa amewachapa Gujarat Titans mikimbio 101 kwa mipira 38 pale Jaipur, katika IPL, ligi kuu ya kriketi ya India. Mia aliifikia kwa mipira 35. Katika historia yote ya IPL mpaka siku hiyo ni Chris Gayle peke yake aliyewahi kuifikia upesi kuliko huyo, na Gayle alipofanya hivyo mwaka 2013 alikuwa mtu mzima mwenye mabega kama mlango wa Lamu. Rahul Dravid, kocha wake, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya mguu ulioumia, na akasimama. Akasimama kweli, mguu mbovu na yote, mikono juu. Barazani kwetu watu walikumbatiana. Mwalimu alisema amemuona Sachin mpya.

Mei Mosi timu yake ikacheza na Mumbai. Mipira miwili, sifuri, mtoto nje. Fundi akasema, "Basi. Moto wa makuti huo." Mwalimu akasema watoto wa siku hizi wanaharibiwa na pesa. Mwingine akasema arudi shule. Kaka mwenyewe, ambaye siku tatu kabla alikuwa na machozi, alinyoosha mkono akazima runinga na mechi haijaisha.

Mipira miwili! Mtu hamalizi hata kikombe cha kahawa.

Nasema jambo moja tu leo, nalisema kwa uchungu kwa sababu nawapenda hawa wachezaji: mchezaji chipukizi wa India hana mahali pa kukosea. Akipiga, ni mungu mdogo. Akikosa, anazikwa jioni hiyo hiyo, tena na wale wale waliombeba. Hapo katikati, pale ambapo binadamu hujifunza kazi yake, sisi mashabiki tumepafuta.

Tuanze na huyo Sachin ambaye kila mtoto hupimwa naye. Mechi yake ya kwanza ya siku moja, Gujranwala, Desemba 1989, alitoka na sifuri. Ya pili, huko New Zealand mwaka uliofuata, sifuri tena. Mia yake ya kwanza katika mechi za siku moja ilikuja Septemba 1994, mjini Colombo, dhidi ya Australia, na hiyo ilikuwa mechi yake ya 79. Sabini na tisa! Leo, kwa subira hii yetu, angefika ya tano? Kama fundi angekuwa na simu mwaka 1990, mia zile 49 za mechi za siku moja tungezisikia wapi?

Au mtazameni Abhishek Sharma. Julai 2024, hapo hapo Harare, mechi yake ya kwanza ya ova 20 kwa taifa: mipira minne, sifuri. Kesho yake wakamweka tena afungue zamu. Akapiga mia kwa mipira 46. Mara nyingi nawaza, je, kama mechi hizo mbili zingetenganishwa na wiki tatu badala ya usiku mmoja? Wiki tatu za vichambo, wiki tatu za watu kutaja majina ya wengine wanaostahili. Usiku mmoja ulimwokoa. Mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa Kombe la Asia.

Lakini mfano ninaoushika moyoni ni wa msichana. Shafali Verma wa Rohtak alipokuwa mdogo alinyolewa nywele kama mvulana ili apate mahali pa kufanyia mazoezi, kwa sababu hakuna aliyetaka kumfundisha binti. Akaingia timu ya taifa akiwa na miaka 15. Tukamwita kimbunga. Kisha mikimbio ikapungua, akaachwa, na Kombe la Dunia la 2025 lilipokuja jina lake halikuwemo kikosini. Aliitwa mwishoni kabisa, Pratika Rawal alipoumia, akaingizwa moja kwa moja kwenye nusu fainali. Alipata 10. Nakumbuka mtu akisema barazani, "Si mwaona kwa nini aliachwa?"

Fainali ikachezwa tarehe 2 Novemba, Navi Mumbai, dhidi ya Afrika Kusini. Shafali akapiga 87. Halafu, na hili ndilo lililonifanya nisimame peke yangu sebuleni, nahodha Harmanpreet Kaur akampa mpira arushe. Shafali si mrushaji. Akachukua wiketi mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili, Sune Luus na Marizanne Kapp. India ikashinda kwa mikimbio 52, Kombe la Dunia la kwanza la wanawake hao, na mchezaji bora wa fainali akawa huyo ambaye wiki mbili kabla hakuwa na hata jezi. Baba yake anaitwa Sanjeev. Baba yake Vaibhav naye anaitwa Sanjeev, na huyo aliuza shamba ili mwanawe afundishwe kriketi. Sijui kuna nini katika jina hilo, lakini nawaombea kina Sanjeev wote.

Najua mtaniambia wapo waliopewa nafasi wakaipoteza wenyewe. Haya, nakubali. Mazoezi na nidhamu ni mzigo wa mchezaji, si wangu. Na India ina vijana wengi mno. Ukimvumilia mmoja kuna mwingine anasubiri nje na gongo lake. Lakini nionyesheni timu nyingine iliyoacha watu namna hii. Vinod Kambli alicheza mechi 17 za Test, zile za siku tano, kwa wastani wa zaidi ya 54, na ya mwisho aliicheza akiwa na miaka 23. Karun Nair alipiga 303 bila kutolewa dhidi ya England mwaka 2016, na miaka sita baadaye alikuwa mtandaoni akiiomba kriketi yenyewe impe nafasi moja zaidi. Prithvi Shaw na Shubman Gill walitwaa kombe la vijana pamoja mwaka 2018. Shaw akaanza Test kwa kupiga 134. Desemba 2020, Adelaide, timu nzima ilipoanguka kwa mikimbio 36, Shaw ndiye aliyekatwa, na hajacheza Test tena mpaka leo. Aliyechukua nafasi yake mechi iliyofuata ni Gill. Gill naye alipita kwenye ukame wake, miezi ya kutukanwa na kila mwenye kidole, ila huyo walimngoja. Mwaka 2025, akiwa nahodha, alipiga mikimbio 754 kwenye mechi tano za Uingereza. Watoto wawili wa timu moja.

Kuhusu pesa za IPL sina mengi. Zinaharibu na zinalisha.

Mnaweza kuuliza mtu wa Mombasa inamhusu nini. Inanihusu tangu Oktoba 2000. Nilikuwa darasa la sita, baba akanipandisha basi la usiku mpaka Nairobi, tukaingia uwanja wa Gymkhana asubuhi ya Jumamosi na macho mekundu na mkate wa mayai ndani ya gazeti. India walikuwa wanacheza na Australia. Mwenye kushuka kupiga alikuwa kijana wa miaka 18, mkono wa kushoto, mwembamba, shati limemzidi. Siku nne kabla alicheza mechi yake ya kwanza dhidi yetu Kenya na zamu haikumfikia, kwa hiyo mpira wa kwanza aliowahi kuupiga kwa taifa lake aliupiga mbele yangu. Warushaji walikuwa McGrath, Lee na Gillespie. Baba aliweka mkate chini akaniambia, "Mtazame huyu, mwanangu, usitazame kwengine." Yuvraj Singh alipata 84 siku hiyo. Nasikia mpaka leo mlio wa mpira ukiacha lile gongo, mkavu, kama mtu anayepasua dafu kwa pigo moja.

Kisha? Miezi michache ikapita, mikimbio ikamkauka, wakamwacha nje. Baadaye alirudi. Na kwa sababu alirudi, tuliona Durban 2007, mipira sita ya Stuart Broad wa England na yote sita ikaruka uzio, na tukaona Kombe la Dunia la 2011 ambalo yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wake. Baba alikuwa ameshafariki. Nilikwenda kaburini kumwambia. Sikuona haya wakati ule na sioni haya kuandika sasa.

Nasi Kenya tunalijua hili kwa ngozi zetu. Tuliifunga India Gwalior mwaka 1998, Maurice Odumbe akipiga 83. Tukaifunga tena Port Elizabeth mwaka 2001. Mwaka 2003 tulisimama nayo nusu fainali ya Kombe la Dunia, Durban, mpaka nahodha wao Ganguly alipotumaliza. Chipukizi wetu mwaka huo alikuwa Collins Obuya, wiketi 5 dhidi ya Sri Lanka, kwa mikimbio 24 tu, Nairobi ikilipuka. Akachukuliwa na Warwickshire, Uingereza, na huko ule mzunguko wa mpira wake ukapotea. Nilisikia watu wazima wakimcheka. Alichofanya Obuya ni kujifunza upya, akawa mpigaji, na mwaka 2011 mjini Bangalore alisimama mbele ya Australia mpaka mwisho na mikimbio 98, hakuna aliyemtoa. Mikimbio miwili tu ilibaki afike mia. Alipokosa miwili ile mimi nililia kuliko ningelia angeipata. Na kriketi yetu ilipozidi kudidimia, ilikuwa ni haya haya: tulipenda kushinda, hatukupenda kungoja.

Mwaka 2026 vijana wa Tanzania walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 kwa mara ya kwanza. Nawasihi ndugu zetu wa Tanzania: wakiangushwa, msiwageuze kichekesho.

Basi turudi kwa Vaibhav. Mechi yake ya kwanza kabisa ya IPL, Aprili 2025, mpira wa kwanza aliupiga sita, ukaruka uzio. Alipotolewa na 34 alitoka akifuta machozi kwa kiganja. Mtoto! Kocha wake alisema wamemkataza nyama ya mbuzi na piza. Mwenyewe amesimulia mama yake akiamka saa nane za usiku kumpikia kabla ya mazoezi. Desemba, Dubai, fainali ya vijana wa Asia, India ilipigwa na Pakistan kwa mikimbio 191 na yeye alipata 26 tu. Barazani wakasema huyu fainali hawezi. Na tarehe 6 Februari 2026, fainali ya dunia, dhidi ya England, mikimbio 175 kwa mipira 80. Kombe la sita la vijana wa India. Na jalebi.

Nikawaambia yote haya pale dukani, nimesimama, sikukaa. Fundi alitazama cherehani yake. Mwalimu alisema, "Wewe nawe unachukulia mambo moyoni," na ni kweli, nachukulia.

Nikamgeukia Kaka. Nikamuuliza, "Kaka, siku mtoto huyu atakapotoka na sifuri katika timu ya wakubwa, na atatoka, jalebi zitakuwepo?"

Hakujibu upesi. Alivuta kitabu cha madeni, akafuta shira kwa pembe ya leso, akatafuta ukurasa mtupu. Akaandika mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, akanigeuzia nione. Kigujarati sikisomi, ila tarakimu za nusu nazijua. Nusu kilo. Akaweka saini chini yake, akanipa kalamu nami niweke yangu kama shahidi.