Simu, stika na sonona: kabla hujampokonya kijana

Hapa Mombasa, ikigundulika kwamba kijana anayetibiwa maradhi ya akili anachekwa na kutukanwa mtandaoni, ushauri wa kwanza karibu kila nyumba ni mmoja: mpokonyeni simu. Shangazi atasema hivyo, mwalimu wa zamu atasema hivyo, na jirani aliyekuja kumjulia hali atasema hivyo kabla hajamaliza chai. Wapo pia wanaosema kumpokonya ni kumwadhibu aliyeonewa huku aliyemwonea akilala na yake mkononi. Kila upande una hoja, ila kwangu hazina uzito sawa, na zote mbili zina kasoro moja: hutolewa kabla mtoto mwenyewe hajasikilizwa.

Kwanza tuuone uonevu wenyewe, maana wazazi wengi hudhani ni matusi tu, na matusi yana dawa, nayo ni kupuuza. Chukua mfano wa msichana wa kidato cha pili wa Kisauni anayemeza dawa kila siku. Mwenzake akaona kibahasha cha kaki cha dawa kikichungulia mkobani, jina lake na maandishi ya 1×2 juu yake. Akakipiga picha, akaitupia kwenye grupu la darasa. Kufika magharibi, mtu keshaukata uso wa yule msichana kutoka picha ya pamoja, keshautengenezea stika, macho yamevutwa yakawa makubwa, chini kumeandikwa "Hajameza leo". Tangu hapo, yeyote akisema jambo la kipuuzi kwenye grupu, hujibiwa kwa stika ile. Hakuna aliyemtukana na akilalamika ataambiwa wacha zako, mchezo tu huo. Admini anaweza kuufuta ujumbe, wote waone umeondoka, lakini waliokwisha kuihifadhi stika bado wanayo, na wiki ijayo itaibukia kwenye grupu la madrasa ambako nusu ya waliomo hata hawamjui.

Wanaotaka simu iondolewe wanaona jambo la kweli hapo. Sonona, maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, humfanya mtu arudie kusoma kilekile kilichomuumiza, mara kumi, mara ishirini, saa nane ya usiku. Humfanya pia asome ubaya pasipo ubaya: rafiki akijibu "sawa" peke yake, kwa mgonjwa huo ni ushahidi kwamba amechokwa. Usingizi ukikatika, hali nayo huzidi kuwa mbaya, na mzunguko unaanza upya. Kwa mtoto wa namna hii simu inaumiza kuliko inavyomuumiza mwenzake mzima, na mzazi anayeitupia jicho la chuki hajakosea.

Upo utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 unaowaunga mkono. Waliohojiwa walikuwa vijana 50 wa miaka 13 hadi 17, waliolazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili karibu na New York. Mmoja kati ya watano alisema alionewa mtandaoni katika miezi miwili kabla ya kulazwa, na hao walikuwa na dalili nzito zaidi za jeraha la kiakili na za hasira kuliko wenzao. Kati ya hao walioonewa, nusu walionewa kwa ujumbe wa simu, nusu kwenye Facebook. Ni watu 50 wa hospitali moja, na utafiti wenyewe hautuambii kilichotangulia ni kipi: uonevu ulizidisha ugonjwa, au ugonjwa ulimfanya kijana awe shabaha rahisi? Wanaofanya kazi na vijana watakuambia yote mawili hutokea, tena kwa mtoto huyohuyo. Nchi nyingine nazo hazijasubiri jibu. Australia imewafungia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii tangu Desemba 2025.

Lakini utafiti uleule una tokeo la pili, ambalo shangazi halitaji. Vijana waliosema walidhalilishwa kihisia utotoni ndio waliokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha kuonewa mtandaoni. Hapo hoja ya kupokonya inaanza kupwaya. Yule msichana wa stika huenda neno "wazimu" hakulisikia mara ya kwanza kwenye grupu. Alilisikia sebuleni, mamake alipowaambia wageni, yeye akiwepo na sinia ya kahawa mkononi, "Huyu wetu kichwa hakijatulia, msimtie maanani." Alilisikia kwa mjomba aliyesema hizo dawa za hospitali ni bure, ana jini, apelekwe akasomewe. (Sina ugomvi na kisomo, nina ugomvi na kumwachisha mtoto dawa ili kisomo kipate sifa.) Mtoto aliyezoeshwa kudharauliwa kwao, akidharauliwa na darasa zima, huona wamemjua alivyo. Simu ukiichukua, neno lile linabaki sebuleni.

Tena, kwa familia nyingi za hapa, simu si mali ya mtoto. Ni ya mama. Kijana huiazima jioni, bando la shilingi ishirini, akamaliza kazi za shule na kuchungulia grupu, kisha akafuta alichokisoma kabla ya kuirudisha. Kumpokonya mtoto kama huyu maana yake ni mama kusema "huigusi tena". Mtoto hatatoka kwenye grupu. Atakuwa bado yumo, ila haoni kinachosemwa, na kesho atakuta wenzake wakicheka langoni bila kujua wanacheka nini. Shule zinakataza wanafunzi kuingia na simu, lakini stika hailazimiki kuingia langoni ili maneno yake yaingie.

Ubaya mkubwa kuliko yote ni kwamba vijana wanaijua adhabu hii mapema. Mtoto anayejua kwamba akisema atapokonywa, hasemi. Anaonewa muhula mzima na nyumbani hawana habari, mpaka siku hali inapochafuka. Kwa hesabu yangu hili linazidi faida zote za kupokonya zikiwekwa pamoja.

Kuna kundi la tatu, aghalabu watu wa rika langu, wanaosema tunawalea watoto kama mayai. Pwani hii tumekulia kwenye vijembe, wanasema. Kanga zenyewe zinasema, watu wamesutwa hadharani kwa ngoma na wakaishi. Hoja hii si ya kudharau. Kijembe cha mtaani kilikuwa na mwenyewe: ulimjua aliyekirusha, ukaweza kumjibu, mzee akaingilia, na arusini mkakaa mkeka mmoja. Lakini tusijidanganye kuhusu enzi zile. Mgonjwa wa akili hakuwa mmoja wa waliokuwa wakirushiana vijembe. Yeye alikuwa wa kufuatwa na kundi la watoto vichochoroni, wakiimba jina lake na kumtupia vijiwe, na watu wazima barazani wakitabasamu. Tuliokua mitaa kama Majengo tunakumbuka majina waliyopewa watu wale, wala hatukumbuki hata mmoja wao aliyeimarika kwa kuchekwa.

Na sheria? Kwenye karatasi ni kali kupita kiasi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mitandao, kifungu cha 27, inampa anayemsumbua mwenzake mtandaoni faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Marekebisho ya Oktoba 2025 yaliongeza humo maneno kuhusu ujumbe unaoweza kumsukuma mtu kujiua, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa sehemu ya kifungu hicho baada ya wanaharakati kulalamika kwamba kinaweza kutumika kuwaziba watu midomo. Hofu yao ina msingi. Ila kwetu sisi shida ni nyingine: aliyetengeneza stika ana miaka 15. Hakuna mwalimu mkuu anayetaka kumpeleka mtoto wa mwenzake kituo cha polisi kwa kosa la miaka 10 jela, kwa hiyo hafanyi lolote. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inautaja uonevu wa mtandaoni, na inaruhusu mtoto mkosaji ashughulikiwe nje ya mahakama. Njia hiyo, ya kuwakalisha wazazi wa pande mbili mbele ya mwalimu na kijana akaifuta stika mbele yao na kuwaandikia aliowatumia, ndiyo inayofaa umri wao.

Kuna badiliko moja la kisheria ambalo nadhani litasaidia kuliko faini zote hizo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo familia zilikuwa na sababu ya kweli ya kuficha: ukimkimbiza mtoto hospitali, ulihofia polisi watafuata. Sababu hiyo sasa haipo, na wengi bado hawana habari.

Tusidhani pia tunazungumzia watoto wawili watatu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana, uliotolewa 2022, uliwakuta zaidi ya asilimia 44 ya Wakenya wa miaka 10 hadi 17 wakiwa na tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12 hivi wakiwa wamefikia kiwango cha maradhi. Katika darasa la wanafunzi 50 hao ni sita. Pengine aliyetengeneza stika ni mmoja wao.

Kwangu basi, simu ya mchana iachwe, ya usiku iondoke. Saa tatu, zote ziwekwe sebuleni, ya baba ikiwemo, ili isiwe adhabu ya mgonjwa. Kabla ya kufuta chochote, mtoto na mzazi wapige skrinshoti zenye majina na tarehe. Bila hizo, shuleni ni neno lako dhidi ya lao. Kutoka kwenye grupu aamue mwenyewe. Akianza kusema maisha hayana maana au heri asingekuwepo, hapo mjadala wa simu umekwisha: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali, na ikiwa ni usiku, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu na 116 ya watoto hupigwa bila malipo.

Na kliniki nazo zina kazi. Familia ya Kisauni inavuka daraja la Nyali, ikapita Makupa mpaka hospitali ya Port Reitz, ikasubiri zamu yake, na zamu ikifika huulizwa usingizi, chakula, dawa. Kuuliza "nani anakuandikia nini kwenye simu?" kunachukua dakika moja zaidi. Liulizwe kila mara, mzazi akiwa nje ya chumba.