Kilometa Mia kwa Siku, Nimekaa

Mimi ni dereva wa daladala, mwaka wa 17 huu. Asubuhi Gongo la Mboto, mchana Makumbusho, jioni Gongo la Mboto tena. Kwa hiyo yule dokta wa zahanati aliponiuliza, "Baba, huwa unatembea?" nilicheka. Nikamwambia, binti yangu, mimi kwa siku natembea kilometa mia na ushee. Akaandika. Halafu akanyanyua kichwa taratibu: "Linalotembea ni gari, baba. Wewe umekaa."

Presha ilisoma 160 kwa 100. Na sukari, akasema, "inachungulia." Alivyolitamka hilo neno utadhani sukari ni jirani mbeya anayesubiri nitoke ndani.

Vidonge nilipewa, sikatai. Lakini nikapewa na adhabu: kutembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Jumla 150, eti ndicho kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Nikamuuliza kama naruhusiwa kulipa kidogo kidogo, kama hesabu ya tajiri. Mimi nilikuwa natania. Yeye akafurahi: "Kabisa! Dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, mwili unajumlisha wenyewe." Ukome kutaniana na wasomi.

Tena si kujikokota kama mtu anayepeleka deni. Mwendo wa haraka, wa kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Sasa nitajuaje kama siwezi kuimba bila kujaribu? Siku ya kwanza, alfajiri, nikapita mtaani kwetu nimeukaza mwendo, nikajaribu ubeti mmoja wa taarabu. Pumzi ilikata kabla ya kiitikio, maana yake niko sawa. Ila mama anayeuza vitumbua pale kona alimvuta mwanawe karibu, na tangu siku hiyo ananipa chenji kwa kunyoosha mkono sana.

Nilipolalamika kwamba kazi yangu ni ya kukaa, dokta akaniletea habari za London. Anasema baada ya vita kuu ya pili kulikuwa na daktari mmoja, Jerry Morris, yeye na wenzake wakawachunguza wafanyakazi wa yale mabasi ya ghorofa. Dereva kakaa siku nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi kukusanya nauli, ngazi mamia kwa zamu moja. Matokeo yakatoka mwaka 1953: makonda walikuwa wanaugua ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Basi lile lile, moshi ule ule, abiria wale wale wanaojifanya wamelala ukidai nauli! Tofauti ni makalio tu, ya nani yako kwenye siti.

Na hawakuishia hapo. Mwaka 1956 wakatoa ripoti nyingine kuhusu sare. Suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makonda, tena wengine waliingia kazini na kiuno chao tayari. Yaani watu wazima, na shahada zao, wamekaa wanasoma saizi za suruali za madereva. Nilikuwa natafuta la kuwabishia, dokta akaniambia Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Nikanyamaza.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia konda wangu. Kijana mwembamba kama kijiti cha mshikaki, anashinda mlangoni anarukaruka, tena mlo wake ni mihogo ya kukaanga na soda. Sasa hivi kila nikimkaripia anajibu, "Suka, tunza moyo wako." Abiria wanacheka. Juzi amedai nyongeza kwa sababu yeye atakuwepo kazini muda mrefu kuliko mimi.

Na mji huu nao haumpi mtu nafasi ya kutembea. Mwanaume wa umri wangu akionekana kwa miguu, na anakwenda haraka, basi ana msiba au amefukuzwa kazi. Siku ya tatu jirani alinifuata na uso wa pole: "Gari limekamatwa?" Siku ya nne tajiri akapiga simu, kasikia nimeacha gari. Bodaboda ndio balaa. "Mzee, twende." Siendi. "Buku tu, mzee." Natembea kwa afya yangu, kijana. Akapunguza mwendo, akanisindikiza kama gari la msafara: "Basi panda, nakupeleka bure, usijali, maisha yanapanda na kushuka."

Njia yenyewe iko wapi? Unaanza vizuri, mara unakutana na meza ya miwani, mara mtumba umetandazwa chini, mara mtaro hauna mfuniko. Jioni moja naambaa na ukingo wa barabara, daladala ikatoka kwenye foleni ikatanua, ikanipita ubavuni hata nikausikia upepo wake kwenye shati. Nilitukana matusi ambayo nilikuwa nimeyasahau tangu ujana. Nikaangalia namba: gari langu. Nilikuwa nimempa deiwaka, dereva wa kunishikia kwa siku. Na konda wangu pale mlangoni ananipungia mkono!

(Mimi huwa natanua pale pale. Lakini mimi naangalia.)

Nyumbani ndiko kwenye msimamizi mkali. Mke wangu alishika neno moja tu la dokta: ukitembea baada ya kula, hata dakika kumi, misuli ya miguu inaivuta sukari kutoka kwenye damu kuifanyia kazi. Sijamaliza kunawa, viatu viko mlangoni. Natembea kushusha ugali, narudi, nakuta rimoti iko kwake na tamthilia imefika katikati. Siku hizi anauliza kama dakika 40 hazifai zaidi.

Miezi mitatu imepita. Presha 148 kwa 92. Dokta alipiga makofi, akasema dawa na miguu vinasaidiana. Mimi nilidhani ataniachia. Akasema, "Endelea, baba, vizuri sana."

Nikaona nimkomeshe konda. Siku nilipoanza kutembea alichukua suruali yangu ya sare kituoni, akaingia yeye mguu mmoja na mpiga debe mguu wa pili, wakatembea nayo mpaka kwa muuza kahawa, kituo kizima kinashangilia. Jana nikawaletea ile ile, imepunguzwa kwa fundi. Wakaweka dau la soda. Waliingia wote wawili. Ila kwa shida, tena nimeusikia uzi ukilia.

Soda nimelipa mimi. Na ya kushonesha suruali.