Madaktari wa meno binafsi wakishikana, washike wapi?

Mwaka 1976 kundi la madaktari wa meno katika jimbo la Indiana, Marekani, liliunda shirikisho lao likiwa na lengo moja kubwa: kutozipelekea kampuni za bima picha za eksirei za wagonjwa. Bima zilizitaka picha hizo ili ziamue kama tiba iliyoombwa ililazimu. Madaktari walijibu kwamba picha peke yake haitoshi, na hoja hiyo ina uzito: ufa wa jino mara nyingi hauonekani kwenye filamu, na fizi hupimwa kwa mkono. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1986 majaji wote waliwakatalia. Kila daktari alikuwa huru kukataa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kosa lilikuwa kupatana kukataa kwa pamoja.

Kesi hiyo ingefaa kusomwa kabla ya kikao chochote cha wenye kliniki binafsi, kwa sababu mazungumzo ya vikao hivyo huteleza upesi kuelekea huko: tupange bei ya chini, tuigomee bima fulani. Uchungu unaowasukuma ni wa kweli. Marekani, sehemu ya madaktari wa meno wanaomiliki kliniki zao ilishuka kutoka takriban asilimia 85 mwaka 2005 hadi takriban 73 mwanzoni mwa muongo huu. Makampuni ya usimamizi, mengi yakiwa na fedha za wawekezaji, hununua kliniki moja baada ya nyingine. Kwa kuwa sheria za majimbo mengi zinamkataza asiye daktari kumiliki tiba, kampuni huchukua jengo, viti, malipo na wafanyakazi, na daktari hubaki na jina na mgonjwa. Kwenye karatasi uamuzi wa tiba ni wake. Lakini akiwekewa lengo la mapato kwa siku, jino la kuziba linaanza kuonekana kama la kuvika kofia.

Hata hivyo, makampuni hayo hayakui kwa hila tu. Kijana anayemaliza chuo na deni hana mtaji wa kiti, mashine ya hewa inayoendesha vifaa, otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) na eksirei kwa mpigo. Kwenye kampuni anapata mshahara tangu mwezi wa kwanza. Mgonjwa naye anapata kliniki inayofungwa saa mbili usiku na mashine ya picha ya taya nzima bila kutumwa kwingine. Anayeutetea umiliki binafsi bila kukiri haya anatetea mazoea yake.

Tena kushikana kwenyewe kunaweza kumuumiza mgonjwa. Jimbo la North Carolina lilikuwa na bodi ya kusimamia taaluma ya meno iliyojaa madaktari wenye kliniki zao, na bodi hiyo iliwaandikia watu waliokuwa wakisafisha meno yawe meupe kwenye maduka makubwa, ikiwaamuru waache. Walikuwa wakitoza bei ya chini kuliko madaktari. Usalama wa mgonjwa ulitajwa, lakini mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema bodi inayoongozwa na washindani wa soko hilohilo haina kinga dhidi ya sheria ya ushindani bila serikali kuisimamia kwa vitendo.

Sasa tazama upande uliofanikiwa. Novemba 2022 wapigakura wa jimbo la Massachusetts walipitisha sheria inayozitaka bima za meno kutumia angalau asilimia 83 ya michango kwa matibabu, na zikishindwa zirudishe tofauti. Takriban asilimia 71 walisema ndiyo, na sheria ikaanza kutumika Januari 2024. Madaktari waliisukuma kwa fedha na kwa kampeni, lakini walipeleka hoja ambayo mgonjwa aliielewa kwa sababu mchango ni wake. Hawakumfungia mlango ili bima isikie.

Tofauti hiyo inatuhusu huku pia. Machi 2024 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei nchini Tanzania, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake hadi mazungumzo yakaendelea. Malalamiko kwamba bei haifikii gharama yalistahili kusikilizwa. Ila mwenye taya lililovimba usaha hawezi kusubiri mazungumzo, na maambukizi ya jino la chini yakishuka shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei na kususa kwa pamoja. Kenya nayo ina sheria yake ya 2010. Mwanasheria aitwe kabla ya azimio kuandikwa, maana muhtasari wa kikao ni ushahidi.

Basi washike wapi? Kwa maoni yangu, kwenye gharama na kwenye takwimu.

Chukua dawa ya ganzi. Kliniki ya kiti kimoja inayotumia katriji (vichupa vidogo vya ganzi) 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, inamaliza 200, yaani boksi nne za katriji 50. Kliniki kumi za namna hiyo zinahitaji boksi 120 kwa miezi mitatu, na mwenye kuagiza boksi 120 ana nguvu ya kujadiliana ambayo mwenye boksi nne hana. Wasambazaji wanalijua hilo. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki watatu wakubwa kwa kupatana kutoyapa punguzo makundi ya ununuzi ya madaktari. Mwaka uliofuata jaji aliwatia hatiani Benco na Patterson, na akafuta shauri dhidi ya Henry Schein.

Makundi ya ununuzi huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Kila daktari ana chapa yake ya kujazia meno, oda inagawanyika vipande kumi na punguzo linayeyuka. Anzeni na vitu visivyo na ubishi: ganzi, sindano, glavu, pamba, mifuko ya otoklevu. Sababu ya pili ni mkopo. Mmoja akichelewa kulipa, tisa wanabeba deni lake, kwa hiyo fedha iingie kabla oda haijatoka. Ya tatu ni tarehe za mwisho. Asiyekagua mzigo mlangoni atagawiwa gundi ya meno iliyobakiza miezi miwili.

Mafundi wa mashine ni eneo jingine, na hapa mwambao una tatizo lake. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa imejaa unyevu. Tangi la mashine ya hewa lisipotolewa maji kila jioni, maji hayo husafiri kwenye mpira hadi kwenye hendipisi, ile mashine ndogo ya kuchongea jino, na beringi zake hupata kutu. Anayesahau kuitia mafuta kabla ya otoklevu ya nyuzi 134 anaimaliza haraka, na anayezidisha mafuta bila kuizungusha kidogo ili yatoke hukuta yameganda kama lami. Fundi mmoja mwenye mkataba wa kliniki kumi na ratiba ya kila miezi mitatu atayaona haya mapema. Akiitwa siku mashine imezima, tayari wagonjwa wanarudishwa nyumbani.

Takwimu ndizo silaha ya madaktari mbele ya bima. Kila kliniki iandike kwa kila dai lililokatwa: aina ya tiba, namba ya jino, kama picha iliambatishwa, sababu iliyotolewa, na siku zilizopita hadi malipo. Karani asiye mwanachama ayakusanye, aondoe majina ya wagonjwa na ya kliniki, na bei za kila mmoja zisizunguke mezani. Ikionekana kwamba tiba ya mzizi wa jino la 46 (gego la chini kulia) inakataliwa kwa kukosa picha ya mwisho, ya baada ya tiba, nusu ya dawa iko mikononi mwa madaktari wenyewe: wapige picha hiyo. Nusu ya pili, madai yaliyokamilika lakini yanakaa miezi bila kulipwa, ndiyo ya kupeleka kwa bima na kwa msimamizi wake.

Kundi likiwafungia nje madaktari walioajiriwa, litazeeka na wanachama wake. Mnunuzi wa kliniki ya mzee anayestaafu ni yule kijana wa mshahara. Asipoandaliwa njia ya kuingia ubia kwa hisa anazolipia taratibu kutokana na mapato, mwenye fedha ya haraka siku ya mauzo atakuwa kampuni.