Nyayo za Tembo Jikoni

Siku fundi alipomaliza kutandaza vigae juu ya meza ya saruji jikoni mwetu, mke wangu alisimama mbele ya kazi ile kwa muda mrefu bila kusema neno, na mimi, niliyekuwa nimelipia kila kigae kwa mshahara wa mwalimu wa historia hapa Lubumbashi, nikakichukua kimya kile kuwa ni shukrani. Haikuwa shukrani. "Baba watoto," akaniuliza mwishowe, "hii karo mpya, mbona imeota mvi?"

Alisema kweli. Vigae vilivyong'aa dukani, vyeupe, vya sentimita 10 kwa 10, sasa vilikuwa vimefunikwa na ukungu wa kijivu, kama kioo cha lori lililotoka mpakani Kasumbalesa wakati wa kiangazi. Nami sikuweza kusingizia ujinga, kwa sababu fundi alikuwa amenieleza mchana uleule. Simenti nyeupe inayojazwa katika mistari baina ya kigae na kigae, ile ambayo mafundi wetu huiita jointi, haiwezi kuingia mahali pake bila kupakwa juu ya meza nzima, na hata ikifutwa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, maji ya kufutia huacha utando mwembamba wa simenti unaojitokeza yakikauka. "Usiiguse leo, Papa," aliniambia huku akikunja suruali yake ya kazi. "Jointi bado ni mtoto mchanga. Kesho asubuhi nitakuja na kitambaa kikavu niusugue ukungu kabla haujashika."

Kesho hiyo, hata hivyo, ilikuwa na bei yake, yaani nusu siku ya kazi na nauli ya kwenda na kurudi Katuba. Nikamwambia kwamba kitambaa hata mimi ninacho. Akanitazama kwa huruma, jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano, akachukua ndoo yake akaenda.

Kesho yake nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na keshokutwa yake pia. Ukungu ukapata nafasi ya kushika. Jumamosi ndipo nilipokumbuka kwamba Jumapili, baada ya misa, mama mkwe angefika kula nasi na, zaidi ya kula, kukagua jikoni.

Nikaanza na kitambaa cha majimaji, kwa kuwa kikavu hakikutoa kitu tena. Lo, matokeo yalikuwa ya ajabu! Mkono ukipita, ukungu unatoweka na kigae kinang'aa kama sahani ya arusi. Nikamwita mke wangu aje kuona. Alipotoka uani na kufika, meza ilikuwa imekauka na mvi zimerudi zote. Nikafuta tena, nikamwita tena. Mara ya tatu hakuja. Alijibu kutoka uani kwamba nimwite meza ikishapona.

Jirani yetu, dereva mstaafu ambaye sijapata kumsikia akikiri kwamba kuna jambo asilolijua, alinisikia nikilalamika akanipa dawa kupitia ukuta: siki, ambayo sokoni tunaiita vinegre. Kwa haki yake niseme kwamba dawa yenyewe ni ya kweli. Simenti ni kitu cha chokaa, na chokaa haipatani na uchachu. Siki kidogo ndani ya maji mengi huulegeza utando huo juu ya kigae cha kung'aa, mradi jointi ziwe zimekomaa, zimeloweshwa kwanza kwa maji safi ili zisinywe asidi, na kila kitu kisuuzwe mara moja. Masharti hayo yote aliyataja. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika njia ya soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini.

Nikarudi na lita mbili. Nikafikiri hivi: kama siki kidogo kwa dakika chache inasaidia, basi siki tupu kwa usiku mzima itafanya muujiza. Nikalowesha mataulo mawili ya zamani hadi yakachuruzika, nikayatandika juu ya meza, nikasimama kuitazama kazi yangu. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, na madirisha yote yalikuwa wazi. Upepo ukaingia ukakunja ncha ya taulo. Nikatafuta kitu kizito cha kuligandamiza.

Kitu kizito kuliko vyote nyumbani mwetu ni tembo wa jiwe la malakiti. Ni zawadi ya arusi kutoka kwa marehemu baba mkwe, ambaye alifanya kazi mgodini maisha yake yote: tembo wa kijani kibichi mwenye mistari ya kijani iliyoiva, kimo cha chupa ya bia, aliyechongwa na kung'arishwa hadi unaweza kujiona usoni mwake. Kwa miaka 16 amesimama sebuleni juu ya kabati, na mama mkwe huanza kila ziara kwa kumsalimia. Nikamchukua kwa mikono miwili, nikamsimamisha katikati ya taulo lililolowa siki, nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyeokoa nusu siku ya malipo.

Asubuhi harufu ya achari ilinipokea mlangoni. Nilipoliinua taulo niliona kwamba muujiza umetokea kweli, ila si ule nilioutarajia. Mahali pa miguu minne ya tembo palikuwa na nyayo nne za rangi ya bluu na kijani. Na kwa sababu fundi aliipa meza mteremko kidogo kuelekea sinki, rangi ile ilikuwa imetafuta jointi, ikaifuata kama mto unavyofuata bonde. Ukungu ulikuwa umekwisha, nakubali. Vigae vilikuwa vyeupe kama maziwa, jambo lililoufanya mto ule wa kijani uonekane vizuri zaidi. Tembo mwenyewe, nilipompindua, alikuwa na nyayo zilizochujuka, zisizo na mng'ao, zenye vijishimo vidogo kama chokaa iliyonyeshewa.

Binti yangu mkubwa, anayesoma sehemu ya kemia na biolojia, alikuja kunywa chai akatazama mara moja tu. "Papa, malakiti ni jiwe la shaba," akasema, kwa upole ambao mwalimu humwekea mwanafunzi wa mwisho darasani. Akanieleza kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa malakiti ni shaba, kwamba asidi huichomoa shaba hiyo kutoka katika jiwe, na kwamba huko migodini makampuni hufanya vivyo hivyo kwa asidi ya salfa. Kwa maneno mengine, usiku ule nilikuwa nimefungua kiwanda cha shaba jikoni, bila kibali, na malighafi yangu ilikuwa zawadi ya mkwe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila mwaka mimi huwafundisha watoto wa watu jinsi wazee wa Katanga walivyoyeyusha malakiti kwa makaa wakapata misalaba ya shaba. Sikuwahi kufikiri kwamba somo lile linamhusu tembo wetu.

Saa ilikuwa inakimbia. Nikasugua nyayo juu ya vigae, zikatoka, kwa kuwa kigae hakinywi. Lakini jointi zilikuwa zimekunywa zikashiba. Nikashika chupa ya javeli, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Binti yangu akaninyang'anya kabla sijaifungua, na safari hii hakuwa mpole: javeli ikikutana na siki hutoa hewa ya klorini, akasema, na Koko, yaani bibi yake, akifika atatukuta sote tumelala sakafuni. Basi nikabaki na maji na sponji, nikasuuza na kusuuza, na mto wangu ukazidi kupendeza.

Mama mkwe alifika saa saba. Akapita sebuleni, akatazama juu ya kabati, akauliza, "Tembo wa mzee yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Alipoingia jikoni alimkuta amelala chali juu ya gazeti, miguu juu, anakauka. Akamshika mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayechagua kuku sokoni, akaupitisha ukucha juu ya jointi ya kijani, akanusa kidole. Kisha akanitazama. "Mkwe wangu," akasema, "marehemu alikupa mke na tembo. Mke umemtunza."

Baada ya hapo akamsimamisha tembo palepale alipolala usiku, mguu juu ya kila waa, na kweli mawaa manne yakafichika. Tatizo ni ule mto. Ulitokeza nyuma, chini kabisa ya mkia, ukateremka hadi kwenye sinki, na wanangu wakaangua kicheko ambacho mama mkwe alijaribu kukikemea, akashindwa, akalazimika kujifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

Fundi nilimwita wiki iliyofuata. Alisema kazi ni kukwangua jointi zote zilizoliwa na siki na kuzijaza upya, akataja bei, nikaona heri mtindo wa mama mkwe. Tembo amebaki jikoni, na mke wangu husonga bukari, ugali wetu, akimkwepa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni mimi humgeuza mkonga wake uelekee sinki, aonekane anakunywa mtoni. Kila jioni nikirudi nakuta watoto wamemgeuza.