Gurudumu Moja na Sado Mbili za Dagaa

Kwa kuwa jirani yangu ameshalieneza jambo hili la mimi kuanguka na baiskeli ya gurudumu moja katika makundi matatu ya WhatsApp, na katika kundi la tatu nimeshazama ziwani na kuopolewa na wavuvi, naomba nitoe maelezo kama mhusika mwenyewe, ingawa ninaandika nikiwa nimekalia upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili bado haukubali kukaliwa. Sikuzama. Maji yenyewe sikuyafikia.

Kosa la kwanza lilifanyika sokoni. Muuza mitumba alikuwa na baiskeli mbili za gurudumu moja, ya inchi 20 na ya inchi 26, na kijana wa sarakasi niliyekwenda naye kama mshauri aliniambia waziwazi kwamba anayeanza, hata akiwa mtu mzima, achukue ya 20, kwa kuwa gurudumu dogo ni jepesi kuliondoa na kulizuia, na ukidondoka hudondoki kutoka mbali. Alinieleza pia kwamba chombo hiki hakina friwili wala breki: gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka nalo, na kusimama ni kazi ya miguu yako. Akanifundisha na kupima siti, kwamba kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu umenyooka. Nilimsikiliza kwa heshima zote, kisha nikalipia ya 26, kwa sababu ile ya 20 niliiona kama zawadi ya mtoto aliyefaulu darasa la nne. (Ninyi mnaocheka, nawajua mnaovaa viatu vinavyowabana.)

Kosa la pili hata jirani halijui, nami ningeweza kulificha. Siti ilikuwa na kishikio upande mmoja. Mimi ni mtu wa Mwanza, na kishikio ninachokijua ni kile cha nyuma ya bodaboda, ambacho abiria hukikamata kwa sala wakati wa kupanda kilima cha Bugando. Kwa hiyo wiki nzima nilijifunza kando ya ukuta wa nyumba nikiwa nimekiacha kishikio nyuma ya mgongo. Niliona kwamba pedeli iliyokuwa chini ya mguu wa kulia ilikuwa na herufi L, nikaridhika kabisa, maana L ni ya kulia. Ile ya R sikuihangaikia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimefikia uwezo wa kwenda mita kumi bila ukuta, na mtu mwenye mita kumi huona kwamba ukuta unamchelewesha. Nikamwita jirani aje na simu yake, tukashuka hadi kwenye mwalo mmoja wa wavuvi upande wa Ilemela, penye njia ya changarawe iliyoshindiliwa na mteremko mdogo ambao kwa macho ya mtu aliyesimama kwa miguu miwili hauonekani.

Niliondoka vizuri, video inaonyesha, ingawa kipande hicho jirani amekikata. Kisha nikasikia pedeli ya kushoto ikilia kwi, kwi, kila mzunguko. Baada ya kwi ya tano ikaanza kuchezacheza kama jino la mtoto. Niliinamisha macho kuitazama, jambo ambalo nilikuwa nimekatazwa, nikaona pengo jeupe kati ya pedeli na mkono wa chuma unaoishikilia, likipanuka polepole kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenyeji. Nikaikanyaga kwa nguvu ili irudi ndani. Ikatii kukanyagwa, ikashuka pamoja na kiatu changu hadi chini, nami kwa muda ulioonekana mrefu kama ibada nilikuwa mtu aliyesimama barabara juu ya pedeli isiyoshikana na chochote. Baiskeli ilitoka nyuma, mimi nikatoka mbele kwa hatua nne ambazo hazikuwa zangu, na hatua ya tano ilikuwa ndani ya dagaa.

Walikuwa wametandazwa juu ya nyavu, wakavu upande wa juu, chini bado wana unyevu, na nawathibitishia kwamba unyevu huo ndio unaogandisha dagaa kwenye shavu. Nilisimama kwa magoti nikihisi mmoja ndani ya sikio. Akina mama waliokuwa wakiwageuza walinyamaza kwanza, ukimya wa kuhesabu hasara.

“Baba,” mmoja akaniambia kwa upole mkubwa, “hao si wa kulalia.”

“Mayo, naomba unisamehe.”

“Nimeshakusamehe. Sasa uwalipie.”

Nikalipa sado mbili, mchanga ukiwemo, nikarudi nyumbani kwa bajaji. Jioni kijana wa sarakasi alikuja, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akaniuliza huwa nakaa nikielekea wapi. Kishikio, kumbe, hukaa mbele. Pedeli ya kulia ina hesi, yaani ile mizunguko ya skrubu, za kawaida na ya kushoto ina hesi za kinyume, ili mwendo usizilegeze. Mimi niliyekaa kinyumenyume nilikuwa nimezigeuza pande, nikizifungua mwenyewe kwa jasho langu, mzunguko baada ya mzunguko, wiki nzima.

Video mnayo. Dagaa hawaliki, tumeosha maji manne. Mwenye kuku aje na ndoo yake.