Kamera, Shuka Roshani

Mimi ni mgonjwa wa magwaride, na sioni haya kusema. Kila Juni, Jumamosi moja, saa saba mchana kwa saa za Afrika Mashariki, huwa nimeshakaa kuangalia Trooping the Colour, gwaride la siku rasmi ya kuzaliwa ya Mfalme wa Uingereza. Na kila mwaka huinuka nimeudhika. Askari hawajawahi kuniudhi hata siku moja. Wanaoniudhi ni wale waliokaa kwenye chumba cha matangazo wakiamua kamera ipi ioneshe nini.

Kwa asiyelijua, gwaride hili hufanyika kwenye uwanja wa Horse Guards, katikati ya London, na tangu 1748 limekuwa likiadhimisha siku ya kuzaliwa ya aliye kwenye kiti cha enzi. Nimesema siku rasmi kwa sababu ya kweli ni nyingine. Mfalme Charles alizaliwa 14 Novemba, na Novemba ya London si ya kumtoa mtu nje. Edward VII, naye mtoto wa Novemba, ndiye aliyeona afadhali asherehekee kiangazi, na waliomfuata wakaona ana akili. Kiini chenyewe ni bendera ya kikosi. Vitani zamani moshi wa baruti uliziba kila kitu, na askari aliyepotezana na wenzake alitakiwa ajue akimbilie wapi. Kwa hiyo bendera ilipitishwa polepole mbele ya mistari, kila mtu aikariri kwa macho yake. Leo hakuna anayekwenda nayo vitani, lakini bado hupitishwa vilevile, na ofisa kijana anayeibeba huwa ndiye mtu mwenye presha kuliko wote uwanjani.

Hapo hujitokeza askari wapatao 1,400, farasi 200 na wanamuziki 400. Ofisa anayeongoza gwaride hutoa amri 113, akiwa juu ya farasi. Amri 113! Wale waliowahi kucheza kwata, hata ile ya JKT tu, wanajua maana ya kukosea moja.

Sasa niambie, runinga inakuonesha nini katika hayo? Inakuonesha kofia ya bintimfalme. Inakuonesha roshani ya Kasri la Buckingham kabla hata mtu hajatokea roshanini. Kikosi kiko katikati ya mwendo wa pole, mstari umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, ndipo pale unapotaka kuona kama utanyooka hadi mwisho wa kona, picha inakatwa, tunapelekwa dirishani kwa wageni waalikwa. Tukirudi, kona imeshakwisha. Kona ndiyo kazi yenyewe. Mstari ukiwa unakwenda moja kwa moja hata wanafunzi wa sekondari wanaweza. Ni kwenye kona ndipo wa ndani anapofupisha hatua na wa nje anairefusha, na hapo ndipo unajua nani amefanya mazoezi.

Nitoe mfano mdogo wa kile ambacho kamera ingeweza kufanya bila gharama yoyote. Walinzi wa miguu ni vikosi vitano, na wote huvaa koti jekundu na kofia ndefu ya manyoya ya dubu. Mtazamaji wa Mbagala au wa Eldoret anaona wote ni walewale. Lakini angalia vifungo vya kifuani. Grenadier wameviweka kimoja kimoja, kwa nafasi sawa. Coldstream viwili viwili. Scots vitatu vitatu. Irish vinne vinne, na Welsh vitano vitano. Picha ya karibu ya kifua kimoja, sekunde tatu tu, na kuanzia hapo mtu anaweza kujisomea gwaride zima peke yake bila kuelezwa na yeyote. Sikatai picha za karibu, jamani. Nakataa zinapokwenda kwenye nyuso tu. Kuna farasi mkubwa anayebeba ngoma mbili za fedha, na mpandaji wake ana virungu mikono yote miwili, kwa hiyo hatamu zimefungwa miguuni. Anamwongoza farasi kwa nyayo huku anapiga ngoma. Hiyo nioneshe kwa karibu hadi nichoke.

Halafu kuna bendi. Bendi zote za walinzi zikiungana zinakuwa bloku moja ya mamia ya watu wenye matarumbeta na mangoma, nao inabidi wageuze bloku hilo zima katika nafasi finyu huku wanapiga. Hawageuki kama askari wa kawaida. Bloku lote linazunguka juu ya kitovu chake: wengine wanakwenda mbele, wengine wanakwenda ubavu, wengine wanarudi kinyumenyume, na kwa dakika nzima hivi ukiangalia utadhani wamevurugana. Kisha ghafla mistari inajitokeza, imenyooka, inaelekea upande mwingine, na muziki haujakatika. Wao wenyewe huita zoezi hilo spin wheel. Ni kitu cha kuonwa kutoka juu, kwa kamera moja iliyotulia, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukikikatakata kwa picha za mpiga tarumbeta mashavu yamevimba, halafu mgeni anapunga mkono, halafu mpiga tarumbeta tena, umekiua.

Najua nitaambiwa watu wanataka kuwaona watu. Na ni kweli. Tarehe 2 Juni 2022, katika jubilei ya miaka 70 ya Malkia Elizabeth, ndege zilipopita juu ya kasri, Prince Louis, kitukuu wake wa miaka minne, aliziba masikio na kupiga ukelele. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Mtoto hana kosa; mtoto yeyote angeziba masikio, na mimi nilicheka kama wengine. Ila juu ya kichwa chake wakati huo zilikuwa zinapita ndege 70 katika muda wa dakika sita hivi, zikiwemo ndege za kivita 15 aina ya Typhoon zilizojipanga angani zikaandika namba 70. Waulize watu leo wanakumbuka nini.

Hapa kwenye ndege ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo runinga inaposhindwa kabisa. Mtazamaji anaona ndege zinatokea upande wa mashariki, zinapita juu ya barabara ya The Mall, vuu, zimekwenda. Anadhani ni jambo la kuruka tu. Hebu fikiria: mbele kuna helikopta. Nyuma yake kuna ndege za Vita vya Pili vya Dunia, Spitfire, Hurricane, na kama mafundi na hali ya hewa vimeruhusu, Lancaster, ambayo duniani kote zimebaki mbili tu zinazoweza kuruka, moja Uingereza na nyingine Canada. Nyuma ya hizo kuna ndege kubwa za mizigo, kisha ndege za kivita, na mwisho kabisa Red Arrows, ndege tisa zenye moshi wa rangi. Kila kundi lina mwendo wake. Helikopta haiwezi kukimbia kama Typhoon, na Typhoon ikilazimishwa kwenda kwa mwendo wa helikopta itaanguka. Na bado zote zinatakiwa zipite juu ya roshani ileile, moja nyuma ya nyingine, zikiachana kwa sekunde chache tu.

Zinafanyaje? Zinakusanyika mbali, upande wa pwani ya mashariki na juu ya bahari, kila kundi likizunguka mahali pake, kimo chake. Za polepole zinaondoka mapema. Za kasi zinasubiri, kisha zinafuata, na njia nzima zinazidi kuzisogelea zilizo mbele. Maana yake ni kwamba nafasi baina yao huwa ndogo kuliko popote pale hasa juu ya kasri, mbele ya watu wote, na wakishavuka tu inabidi watawanyike kila mmoja njia yake kabla wa nyuma hajamkuta wa mbele. Rubani hapewi kufika saa tisa na kitu kwa saa zetu. Anapewa sekunde yake. Ikitokea upepo umebadilika baharini, anafanya hesabu upya akiwa angani.

Hiyo ni hadithi ya kusisimua kuliko kofia yoyote. Ingetosha kuweka ramani ndogo kwenye kona ya kioo, vinukta vinavyosogea, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kwenye mbio za magari wanafanya. Kwenye mbio za baiskeli wanafanya. Kwenye ndege 70 juu ya jiji lenye mamilioni ya watu, tunaoneshwa watu wanaotazama juu. Kitu chenyewe kiko juu, wewe unanionesha wanaokitazama!

Hali ya hewa nayo ni sehemu ya mchezo. Siku ya kutawazwa kwa Charles, 6 Mei 2023, mawingu yalikuwa chini na mvua inanyesha, msafara wa ndege ukapunguzwa, zikabaki helikopta na Red Arrows. Uamuzi wa namna hiyo unafanywaje, na nani, mawingu yakiwa futi ngapi? Mtu wa hali ya hewa angepewa dakika mbili tu pale, angewashika watazamaji wote. Hata moshi wa Red Arrows una mambo yake: ni dizeli inayomiminwa kwenye moto wa injini, mweupe hauna rangi ya kuongeza, mwekundu na wa buluu umetiwa rangi. Watoto wangependa kujua hilo. Hata wazee.

Halafu kuna maneno. Lo, maneno! Bendi inapiga, mtangazaji anaongea. Kamanda anatoa amri, mtangazaji anaongea. Kwenye hili acha nijivunie kidogo ya nyumbani. Gwaride la 9 Desemba au la Mapinduzi kule Zanzibar lina matatizo yake mengi. Kamera zetu nazo zimegandia jukwaa kuu, na wasifu wa mgeni rasmi husomwa hadi kikosi cha tatu kimeshapita. Lakini amri unazisikia. “Gwarideee, mguu sawa!” inasikika hadi jirani, na ni Kiswahili, na mwananchi nyumbani anaelewa ameamriwa nini na anaweza kuona kama kimefanyika. Kwata hiyo ilitoka kwa Waingereza hao hao kupitia King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni huku Afrika Mashariki, na Kenya bado hupitisha bendera ya kikosi kila Jamhuri Dei. Mwanafunzi sasa anasikika vizuri kuliko mwalimu.

Kinachochekesha ni kwamba kamera hizi zenyewe zilipigania kuingia. Mei 1937 BBC iliweka kamera tatu Hyde Park Corner kuonesha msafara wa kutawazwa kwa George VI, ukiwa unapita tu njiani, kanisani hazikuruhusiwa. Mwaka 1953 serikali ya Churchill nayo mwanzoni ilisita kuziruhusu ndani ya kanisa la Westminster Abbey, hadi watu walipolalamika. Ziliporuhusiwa, zaidi ya watu milioni 20 waliangalia Uingereza pekee, wengi wakiwa wamejazana sebuleni kwa majirani. Tangu hapo sherehe na kamera zimeoana, na ndoa hiyo imefika mahali kamera inadhani sherehe ni yake.

Tena kinachotoka nje ya ratiba inaona aibu kukionesha. Zamani haikuwa na jinsi: tarehe 13 Juni 1981 kijana wa miaka 17 alimfyatulia Malkia risasi sita akiwa juu ya farasi wake Burmese, njiani kwenda uwanjani. Zilikuwa risasi baridi, lakini Malkia hakujua. Farasi akashtuka, yeye akamtuliza, akaendelea na safari. Somo la kupanda farasi la aina hiyo hulipati shuleni. Siku hizi joto likimwangusha askari, picha hukimbizwa haraka kwa Mfalme. Tarehe 10 Juni 2023, kwenye gwaride la mazoezi mbele ya Prince William, London ikiwa na joto la nyuzi 30 hivi, mpiga tromboni mmoja alianguka, akajaribu kuinuka na kuendelea kupiga. Koti zito la sufi, kofia ya manyoya, jua la utosi, na bado anatafuta mdomo wa tromboni. Ukitaka kujua ukakamavu ni nini, ni huo.

Ombi langu ni dogo. Wanaorusha sherehe hizi sasa wana mtandao, wana nafasi ya kurusha picha mbili kwa wakati mmoja. Wafungue chaneli ya pili: kamera moja juu ya paa iliyotulia, maikrofoni uwanjani, ramani ya ndege kwenye kona, na mtangazaji aruhusiwe kuongea wakati farasi wanapumzika tu. Anayetaka kujua kofia ya nani imeshonwa na nani abaki kwenye chaneli ya kwanza, hatugombani.